Rangi ya wapambe: litoe jora nje ya mlango kwanza

Mwambie muuza vitambaa akutolee damu ya mzee, atashusha jora jekundu lililoiva kama divai. Mpambaji wa ukumbi ukimtajia jina hilohilo, anawaza vitambaa vyake vya meza vinavyoelekea kahawia. Muuza suti naye anakuja na tai yenye zambarau kwa mbali. Wote watatu wamekuelewa na hakuna aliyekosea, maana majina yetu ya rangi ni ya ukoo mzima: ukisema bluu bahari, pichi, maziwa au kijani cha jeshi, kila mmoja anamchukua ndugu anayemjua yeye. Tatizo huonekana siku yenyewe, wapambe sita wamesimama na wanaume sita wenye tai mbele ya pazia, na ukumbi mzima unahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa bibi harusi na kamati yake ni mmoja, na mengine yote yanafuata hapo: rangi ya wapambe ni kipande cha kitambaa unachoweza kukishika mkononi. Mpaka kipande hicho kipatikane, rangi bado haijachaguliwa, hata kama kundi la WhatsApp limeshapiga kura mara tatu.

Picha ya simu haiwezi kushika nafasi yake. Kamera ya simu hujirekebishia mwanga yenyewe, kwa hiyo kitambaa kilekile ukikipiga juu ya kaunta nyeupe na ukakipiga tena juu ya meza ya mbao kinatoka rangi mbili. Halafu kila mpambe anaitazama kwenye kioo chake: mmoja kapunguza mwanga kulinda chaji, mwingine kaweka ile hali ya usiku inayotia kila kitu umanjano. Picha za mitandaoni zinafaa sana kuonyesha mshono, shingo na urefu. Kwa rangi, zitumieni kupunguza mawazo hadi kufikia rangi tatu au nne, kisha mwende dukani.

Dukani

Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, iwe ni Mtaa wa Uhuru na mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Biashara Street ya Nairobi au ya Mombasa, au maduka ya Darajani, Unguja. Asubuhi jua ni safi, muuzaji ana nafasi, na mtaweza kufungua majora bila kusukumana. Watu watatu wanatosha: bibi harusi, mpambe mweusi kuliko wote na mpambe mweupe kuliko wote. Mkienda wanane mtarudi na rangi ambayo hakuna aliyeitaka, ila kila mtu ameikubali.

Mwombeni muuzaji ruhusa ya kulitoa jora hadi mlangoni. Hili ni la lazima, na wauzaji wazoefu wamelizoea. Taa za tyubu zilizo ndani ya maduka mengi zina upungufu wa wekundu, kwa hiyo nyekundu, kahawia na rangi ya kutu huzimika, wakati bluu na kijani huchangamka kuliko zilivyo. Nje, kivulini, ndipo kitambaa kinaposema ukweli. Kivuli kiwe cha paa la zege au baraza, kwa sababu turubai la bluu lililo juu yenu litatia bluu kwenye kila kitu.

Kunjeni kitambaa mara mbili. Safu moja hupitisha mwanga na kuonekana nyepesi kuliko gauni lenye bitana litakavyokuwa. Kiwekeni chini ya kidevu cha mpambe mmoja, kisha cha mwingine, na msiangalie kitambaa. Angalieni taya na shingo. Hapo ndipo nguo inapotupa rangi yake. Satini ya kijani kikali humwachia mtu mweupe ukijani chini ya kidevu, na hakuna vipodozi vitakavyouficha mbele ya kamera. Pinki iliyochanganywa na kijivu, ile iliyopauka kama ua lililokauka, humfanya mwenye ngozi nyeusi aonekane kama hajapaka mafuta. Mkiona uso umeng'aa na macho yamekuwa meupe zaidi, mko kwenye njia sahihi.

Baada ya hapo mmoja arudi nyuma hatua kumi. Watu kanisani na ukumbini watawaona wapambe kwa umbali huo na zaidi, na kwa umbali bluu iliyokolea sana inageuka nyeusi, zambarau ya giza inageuka nyeusi, na kijani cha chupa nacho kinaelekea hukohuko. Kama rangi inahitaji kuelezwa ili ionekane, haina nguvu ya kubeba harusi.

Nunueni nusu mita ya rangi mbili za mwisho. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kikikatwa nusu mita kinatoa vipande 30 vya sentimita 15 kwa 15, na hivyo ndivyo vitakavyozunguka kwa fundi, mpambaji, muuza suti, mtu wa maua, mtengeneza keki na mpiga picha. Kabla ya kuvigawa, vijaribuni nyumbani. Finyeni kipande kimoja kwenye ngumi kwa nusu dakika, mkiachie, mwone mikunjo inabaki au inaondoka; wapambe watakaa kwenye gari, kwenye benchi la kanisa na kwenye viti vya ukumbi kwa saa nyingi. Dondosheni tone la maji. Sugueni kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mara ishirini, maana kijani, nyekundu na zambarau za bei nafuu huacha rangi, na kinachobaki kwenye kile kitambaa cheupe ndicho kitakachobaki kwenye gauni la bibi harusi wapambe wakimkumbatia. Mwisho pitisheni pasi. Vitambaa vya poliesta vikiguswa na pasi ya moto sana hubadilika rangi au kupata mng'ao wa plastiki. Afadhali mjue leo kuliko fundi ajue akiwa ameshashona.

Lile tone la maji lina maana kubwa kwa harusi za Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hasa za Desemba hadi Machi. Kijivu, bluu ya mawingu, kijani kilichopauka na pinki nyepesi, zikiwa kwenye satini, huonyesha jasho la kwapani kama ramani. Nyeupe, bluu iliyokolea, nyeusi na vitambaa vyenye maua huficha. Mkiipenda rangi nyepesi, ichukueni kwenye krepu au shifoni yenye bitana ya pamba sehemu ya juu, na mshono uache nafasi kwapani.

Mwanga utabadilika mara tatu

Harusi nyingi za mijini zina sehemu tatu. Ibada ya asubuhi au mchana, picha za ufukweni au bustanini jioni jua likianza kuwa la dhahabu, kisha ukumbi usiku. Gauni ni lilelile, mwanga sio.

Kanisani kuna mchanganyiko wa madirisha na taa, na kwa kawaida hakuna tatizo. Jioni, mwanga wa jua unaoshuka huwa na uchungwa mwingi: rangi ya kutu, haradali, pichi, nyekundu na damu ya mzee zinawaka vizuri, na bluu nyepesi hufifia kuelekea kijivu. Jua letu huzama haraka muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na giza likianza kuingia wekundu ndio wa kwanza kupotea machoni. Wapambe wa damu ya mzee waliochelewa kwenye picha hadi jua likazama wanatoka weusi. Mwambieni mpiga picha aanze nao.

Ukumbini ndipo hasara kubwa inapotokea, kwa sababu mpambaji na mtu wa muziki huleta taa za rangi. Kitambaa hakiwezi kurudisha rangi ambayo haipo kwenye taa. Nyekundu chini ya taa ya bluu tupu inaonekana nyeusi. Manjano inapata ukijani mchafu. Nyeupe, maziwa na fedha huchukua rangi yoyote ile inayomulika, kwa hiyo wapambe wa fedha kwenye ukumbi wa zambarau wanakuwa wa zambarau. Zungumzeni na mtu wa taa mapema: meza kuu na njia wanayoingilia wapambe ziwe na mwanga mweupe wenye joto kidogo, taa za rangi zibaki kwenye kuta na dari. Ni ombi dogo na halina gharama, ila likisahaulika mtakuwa mmelipia rangi ambayo hakuna aliyeiona.

Kuna jambo moja linalowashangaza watu kila mara. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa dukani na kutofautiana nje, kwa sababu vimetiwa rangi kwa dawa tofauti. Gauni la krepu na koti la lesi yaliyooanishwa ndani ya duka yanaweza kuachana mbele ya kanisa. Kila kitu kinachotakiwa kufanana kilinganishwe mara mbili, kivulini nje na chini ya taa ya njano usiku.

Ngozi tofauti, nyeupe ya bibi harusi, na sare za familia

Kundi la wapambe wetu huwa na mweusi tii, maji ya kunde na mweupe kwa pamoja. Rangi zinazowabeba wote ni zile zilizoiva na zisizo na kijivu: kijani cha zumaridi, bluu iliyoiva, damu ya mzee, zambarau ya bilinganya, rangi ya kutu, kijani-bluu cha tausi. Manjano nayo, ikiwa ya yai au haradali, inapendeza mno kwenye ngozi nyeusi, na nasikitika ikiachwa kwa hofu tu. Manjano ya limau ndiyo ngumu.

Rangi ya ngozi, ile ya kahawia nyepesi inayopendwa sasa, inataka tahadhari. Kwa mpambe ambaye rangi hiyo inakaribia ngozi yake, picha ya mbali itamwonyesha kama mtu ambaye hajavaa. Mkiitaka, mshono uwe na mkanda, nakshi au mikunjo ya kuvunja umbo, na iwe imekolea au nyepesi kuliko ngozi ya kila mmoja wao kwa tofauti inayoonekana.

Kuhusu bibi harusi: pelekeni kipande cha gauni lake, au kipande cha ushungi wake, kabla ya kuamua rangi yoyote nyepesi. Nyeupe tupu ina ubluu kidogo ndani yake. Mpambe wa rangi ya maziwa akisimama karibu nayo anaonekana kama nguo imefuliwa na maji ya udongo. Gauni la bibi harusi likiwa la maziwa, mpambe mwenye fedha nyeupe atalifanya lionekane limezeeka. Shampeni ni ya hatari zaidi: ikipigwa mwanga mkali wa kamera inageuka nyeupe, na picha inatoka na mabibi harusi saba.

Harusi zetu zina kitu kingine ambacho ushauri mwingi wa mitandaoni haukijui, nacho ni sare. Upande wa bibi harusi una kitambaa chake, upande wa bwana harusi una chake, kamati ina chake, na mara nyingine shangazi wameshanunua vitenge kabla hamjakaa. Chukueni karatasi na mchore ukumbi: meza kuu hapa, wapambe hapa, wazazi huku, kamati kule, pazia nyuma. Bandikeni kipande cha kitambaa kwenye kila sehemu. Mtaona mara moja pale wapambe wanapofanana na kamati, au wanapomezwa na pazia. Kumezwa na pazia ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Watu huchagua rangi ya harusi, tuseme zambarau, kisha wanaiweka kwenye gauni, pazia, vitambaa vya meza, maua na viti. Wapambe wanakuwa sehemu ya ukuta. Mpambaji apewe kipande cha gauni na aambiwe kwamba rangi hii iwepo kidogo tu ukumbini, kwenye utepe au maua, na nyuma ya meza kuu kuwe na rangi tulivu inayowatoa mbele.

Matroni anastahili kutofautishwa. Njia rahisi ni rangi ileile iliyokolea hatua mbili, au kitambaa tofauti kwenye rangi ileile. Kwa send-off, ambako bibi harusi mara nyingi anavaa gauni la rangi, anzeni na lake, kisha wapambe wapewe rangi tulivu zaidi.

Mkitaka wapambe wavae rangi zinazopishana, kutoka iliyokolea hadi nyepesi, tofauti iwe kubwa ya kutosha kuonekana kwa zile hatua kumi. Ikiwa ndogo, watu hudhani kitambaa kiliisha. Wapambe sita wagawane rangi tatu, wawili wawili, wote kwenye aina moja ya kitambaa. Rangi tatu na vitambaa vitatu kwa pamoja ni vurugu.

Kitambaa ndicho kinachobeba rangi

Kijani kilekile kwenye satini kina mng'ao na kivuli, kwa hiyo kinaonekana rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, na kila mkunjo wa tumbo unajitangaza. Krepu hunywa mwanga. Rangi yake imetulia na inawapendeza watu wa miili tofauti, na hiyo ndiyo ningeichagua kwa kundi lolote ambalo silijui. Shifoni haina rangi yake peke yake: rangi unayoiona ni yake pamoja na ya bitana iliyo chini. Shifoni ya pichi juu ya bitana nyeupe inapauka, juu ya bitana ya pichi inaiva. Kwa hiyo kipande cha majaribio cha shifoni bila bitana yake hakikuambii kitu. Lesi ni vivyo hivyo, na zaidi, kwa sababu bitana ya rangi ya ngozi chini ya lesi itamkaa mpambe mmoja na kuwakataa watano. Bitana ya rangi moja na lesi ni salama.

Kitenge kina sheria zake. Upana wake ni kama sentimita 115, na vingi huuzwa kwa pande la yadi 6, yaani karibu mita 5.5. Pande hilo linatoa gauni refu la kawaida kwa mtu mmoja, ila maua makubwa yakitakiwa kukutana mbele na kwenye mishono, fundi atakula nusu mita zaidi. Kiloweke na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu pamba hunywea. Na hakikisheni duka lina mapande yote mnayoyahitaji siku hiyo. Ua likiisha sokoni, huenda lisirudi.

Mita

Hesabu hizi ni za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 na mpambe wa umbo la wastani, kiuno sentimita 75, urefu wa sketi sentimita 110 akiwa na viatu. Gauni la kubana lenye mkia mdogo linataka mita 2.5 hadi 3. Gauni linalopanuka taratibu kuelekea chini, mita 3 hadi 3.5. Nusu solo, yaani sketi inayokatwa nusu duara, inataka karibu mita 2.7 kwa sketi na mita 1 kwa juu, kwa hiyo semeni mita 4. Solo kamili, ya duara zima, ni mita 5 za sketi peke yake, na ukiongeza juu ni 6. Mikono mirefu, kwa harusi ya nikahi au kanisa linalotaka mabega yafunikwe, iongezeeni kila gauni sentimita 65. Kwa wapambe sita, tofauti ya nusu solo na solo ni mita 12 nzima, pamoja na bitana yake, na uzito huo wote unachezwa muziki kwenye joto.

Jumlisheni mita za wote, matroni na watoto wa maua wakiwemo kama wanavaa kitambaa hicho, kisha ongezeni mita moja na nusu ya akiba. Pimisheni jora kabla ya kulipa. Jora lililokwishaguswa hakuna anayejua lina mita ngapi, na muuzaji akifika gauni la tano likaisha, atawaletea jora jingine "lilelile". Halitakuwa lilelile. Kiwanda hutia rangi kwa mafungu, na fungu moja hutofautiana na jingine hata kama namba ya rangi kwenye karatasi ni moja. Wekeni mwisho wa jora la kwanza juu ya mwanzo wa jora la pili, nje, mtaona mpaka. Kama hakuna jora moja la kutosha, mafungu yagawanywe kwa mpango: matroni na watoto wa maua wachukue la pili, wapambe wote walichukue la kwanza.

Tai na vitambaa vya mfukoni vya wanaume vitoke kwenye jora hilohilo, na muuza suti asipewe kazi ya kutafuta "inayofanana". Ukanda wa sentimita 30 wa kitambaa hiki unatoa vitambaa vitano vya mfukoni. Kwa tai za kipepeo, nusu mita inatosha kundi zima. Tai ya satini iliyonunuliwa dukani ikiwekwa karibu na gauni la krepu haitafanana kamwe, hata rangi zikiwa moja, kwa sababu moja inang'aa na nyingine haing'ai. Ikibidi kununua, chukueni tai ya rangi nyingine kabisa inayoelewana.

Na mpambe anayeishi mbali, Mwanza, Nairobi au Muscat, msimwambie atafute kitambaa hukohuko. Mkatieni mita zake kutoka kwenye jora, mtume kwa basi au kwa anayesafiri, pamoja na kipande cha bitana na uzi.

Kwa fundi

Satini na mahameli vina mwelekeo. Ukiyapapasa mahameli kushuka ni laini na mepesi kwa rangi. Ukiyapapasa kupanda yanakolea. Satini haikwaruzi mkono namna hiyo, ila ukigeuza vipande viwili, kimoja juu chini, na kuvisimamisha pamoja, kimoja kitakuwa na giza. Fundi anayebana kitambaa hugeuza vipande ili viingie, na gauni linatoka na paja moja lililokolea kuliko jingine. Mwambieni kabla hajashika mkasi: vipande vyote vielekee upande mmoja, na kila kimoja kichorwe mshale kwa chaki upande wa ndani. Chaki hiyohiyo iweke alama ya upande wa kinyume, maana kuna krepu zinazofanana pande zote mbili zikiwa mezani na kuachana zikivaliwa. Akisema kitambaa hakitatosha kwa njia hiyo, ndipo ile mita moja na nusu inapofanya kazi yake.

Uzi uwe umekolea kidogo kuliko kitambaa. Uzi mwepesi huonekana kwenye mshono kama mstari. Zipu iwe ya kufichwa. Gamu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa ndani, ikiwa nyeupe chini ya krepu nyeusi au ya bluu iliyokolea hutia ukungu kifuani na shingoni, kwa hiyo kitambaa cha giza kipewe gamu nyeusi. Pasi ipite juu ya kitambaa cha pamba, isiguse gauni moja kwa moja.

Magauni yote yakatwe na fundi mmoja. Mkiwagawa kwa mafundi wawili, mmoja atatumia uzi na bitana yake, na shingo zitapishana sentimita mbili ambazo picha itaziona. Kama haiwezekani, fundi wa kwanza akate yote na wa pili ashone tu.

Muda ninaoupendekeza: rangi na kipande miezi minne kabla, kitambaa chote kiwe ndani ya nyumba miezi mitatu kabla, gauni moja la majaribio likamilike wiki nane kabla. Gauni hilo la kwanza alivae mpambe mwenye mwili mkubwa zaidi. Likimkaa vizuri na rangi ikampendeza, wengine hawatakuwa na shida; na yeye ndiye aliyezoea kupewa mwishoni mabaki ya uamuzi wa wengine. Atembee nalo nje, akae, anyanyue mikono, apigwe picha mchana na usiku. Yaliyobaki yakatwe wiki sita kabla, yajaribiwe wiki tatu kabla, yakamilike siku kumi kabla. Harusi ikiwa baada tu ya Pasaka au ya Idi, au Desemba, ongezeni wiki tatu mbele ya kila hatua, kwa sababu ndoa zilizosubiri Kwaresima na Ramadhani ziishe zinamwangukia fundi kwa pamoja, na nguo za sikukuu ziko juu yake.

Mabaki ya kitambaa msimwachie fundi. Kusanyeni kipande cha ukubwa wa kiganja kwa kila gauni, uzi wa rangi hiyo uliozungushwa kwenye kadi ndogo, sindano mbili, pini kumi za kufunga na kipande cha chaki nyeupe, mweke kwenye mfuko mmoja unaokaa kwenye gari la wapambe. Abebe matroni.